Ndoo ikizama kisimani: iopoe ukiwa juu

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, Nzega na Igunga, lakini huko vijijini visima vya kuchimbwa kwa mkono bado vinatekwa, na bado vinameza ndoo.

Kwanza zuia watu wasiteke. Kila kinachoshushwa kinatibua tope, nawe utabaki kupapasa gizani. Maji yakilala usiku kucha, asubuhi yanakuwa yametulia.

Opoo, yaani kulabu za kuopolea ndoo, mwachie fundi wa kuchomelea: nondo ya milimita 8, vipande vitatu vya sentimita 30, ncha zikunjwe ziwe kulabu zenye mdomo wa sentimita 5 hadi 7, migongo ishikane, juu pete ya kufungia kamba. Kulabu pana mno hugonga ubavu wa ndoo bila kunasa mkono wake. Kabla ya kushusha, funga mwisho wa kamba kwenye mti au nguzo, usije ukawa na vitu viwili vya kuopoa.

Kumulika, tumia kioo. Saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri kinafaa kuliko saa sita, maana jua la utosini hulielekezi chini kwa kioo kimoja.

Shusha opoo mpaka kamba ilegee, inua kama shibiri moja, kisha izungushe taratibu ukianzia ukutani kuelekea katikati. Ikinasa kwenye jiwe usivute kwa nguvu. Legeza, geuza, jaribu upande mwingine. Ikishika ndoo, vuta polepole. Ndani ya maji ndoo ni nyepesi, uzito unakuja inapotoka: lita 20 ni kilo 20 kwa ghafla, na hapo ndipo wengi huipoteza mara ya pili. Isimamishe kwanza usawa wa maji, ikae sawa kwenye kulabu, au imwage kidogo.

Ikishindikana, iache. Usimshushe mtu, hasa mtoto. Chini kunaweza kuwa na hewa nzito isiyo na oksijeni. Anayeshuka huzimia, na anayemfuata kumwokoa naye huzimia. Mtu akishatumbukia, piga 114, Zimamoto.

Ndoo mpya ifungwe vizuri. Kamba ya manila inateleza: acha mkia wa shibiri moja baada ya fundo, uukaze na kamba yenyewe kwa waya mwembamba. Ya katani huozea ndani huku nje inaonekana nzima, kwa hiyo ifumue kidogo uikague.