Somo: kutunga mnyama wa mikokoni, anayewinda majini na kutembea nchi kavu

Wengi wakitunga mnyama mkali wanaanza na meno, ukiuliza anaishi wapi unaambiwa "baharini huko". Sasa huyo si mnyama, huyo ni chunusi, lile jini la majini. Mi naanza na maji. Wangu anaitwa mzamakoko, mtumieni kama mfano.

Hatua ya 1: maji
Nenda ukae pale Tudor, Mombasa, maji yanapoingia mikokoni. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hivo saa unayoyaona yamejaa leo, wiki ijayo saa hiyohiyo ni tope tupu. Mnyama wako hana habari ya asubuhi wala usiku, ratiba yake ya kuwinda ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanaposogea kidogo).

Hatua ya 2: mwili
Pua, macho na masikio viweke juu ya kichwa kama kiboko, basi. Wangu ni mamalia, ukubwa wa mbwa, na damu moto ina gharama manake maji yanavuta joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, lazima ale sana na atoke aote jua. Kilichonitoa jasho ni chumvi. Mamba ana tezi za chumvi kwa ulimi, kasa anailia machoni, mamalia ana figo tu. Mi nilikuwa namlisha kaa koko mtupu, kumbe kaa wa maji ya bahari chumvi yake mwilini inakaribia ya maji yenyewe, na damu ya samaki ni kama thuluthi tu! Nikafuta kurasa tatu. Sasa anakula samaki, kaa ni kachiri tu, cha kutafunatafuna.

Hatua ya 3: jamii
Maji yakianza kupwa, samaki walioingia mikokoni wanatoka kwa vijito. Hapo majike wanalala kwenye tope mdomoni mwa kijito, bega kwa bega kama uzio, na vijana wanakuja kwa nyuma wakipiga maji kwa mikia. Bibi mkubwa yuko katikati, hakuna anayeng'ata kabla yake. Maji mafu yakifika samaki hawasukumwi sana, uzio haulipi, kila mtu na lake mpaka bamvua jingine, na wanajuana tena kwa harufu ya mavi kwenye mizizi (fisimaji nao huweka alama hivo).

MASWALI

Kaka, kwa nini asitage mayai kama mamba?
Atage wapi? Yai linapumua kupitia ganda na tope la mikokoni linafunikwa na maji mara mbili kwa siku, vifaranga wanakufa ndani. Labda umpe mchanga wa juu, maji yasipofika.

Majike ndio mabosi? Hiyo umetoa wapi 😂
Kwa fisi madoa bwana, dume mgeni yuko chini hata ya watoto.

Babangu mvuvi, bamvua maji yanavuta vibaya sana pale mdomoni, hao wako wangesombwa wote. Waweke kwenye kona ya kijito, ndipo samaki wanapopumzika.
Dadangu umenishika. Bibi mkubwa namhamisha leoleo.