Namna ya kuwaonyesha watu wa Dar vichekesho vichungu vya Waingereza

Anza na jina. Kwenye tangazo usiandike “vichekesho vyeusi”. Kwa Waingereza weusi huo ni wa kifo, ugonjwa, ukatili na aibu, lakini msomaji wa Dar atafikiria rangi ya ngozi na atakuja akitegemea kitu kingine. “Vichekesho vichungu” yanaeleweka mara moja: utacheka, na kitakuuma.

Kisha ondoa dhana kwamba watu wetu hawacheki kifo. Mtani anakichekea msibani mchana kweupe. Mnyamwezi aliyefika kwenye msiba wa Mzaramo anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni lake mbele ya jeneza, akazuia mazishi mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hilo linawezekana kwa sababu mtani anajulikana. Kila aliyekaa kwenye mkeka anajua nani ana ruhusa ya kumtania nani.

Kwenye kipindi cha Kiingereza mtani hatambulishwi. Mtazamaji anamwona mtu mwenye tai akimdhihaki mgonjwa kwa uso mkavu, na hajui kama mwandishi anamcheka mgonjwa au anamcheka huyo mwenye tai. Ukimya unaotanda ukumbini mara nyingi si wa kuchukizwa. Watu wanasubiri waonyeshwe mtani ni nani. Uchaguzi wa kipindi, utangulizi na manukuu, vyote vinafanya kazi ya kujibu swali hilo mapema.

Cha kuonyesha kwanza

Jioni ya kwanza chagua kinachoeleweka kwa macho. Mfano bora ni Dinner for One, mchezo wa dakika 18 wa Freddie Frinton na May Warden, uliorekodiwa na kituo cha televisheni cha NDR mjini Hamburg mwaka 1963. Bibi anatimiza miaka 90, meza imeandaliwa kwa marafiki zake wanne, na wote wanne walishakufa. Mhudumu wake mzee analazimika kunywa kwa niaba ya kila marehemu, kwa kila chakula kinacholetwa, mpaka hawezi kusimama. Ujerumani wanauonyesha kila tarehe 31 Desemba, kwa Kiingereza, bila kuutafsiri, ilhali televisheni ya Uingereza yenyewe iliuonyesha kwa mara ya kwanza Desemba 2018. Kilichowasaidia Wajerumani ni kitu kidogo sana: kabla mchezo haujaanza, mtangazaji anatokea na kueleza kwa Kijerumani bibi ni nani, wageni wako wapi, na sentensi ile inayorudiwarudiwa ina maana gani. Fanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, kwa dakika mbili, umesimama mbele ya skrini. Usieleze mzaha. Eleza nani amekufa na nani anamtii nani.

Cha pili kiwe A Quiet Night In, kutoka mfululizo wa kwanza wa Inside No. 9, mwaka 2014. Wezi wawili wanaingia kwenye nyumba ya kifahari kuiba mchoro, na karibu kipindi kizima kinapita bila mazungumzo. Watazamaji wa Dar waliokua na Mr. Bean wanaingia humo bila shida, halafu damu inapotokea wanagundua wenyewe kwamba hapa si kwa Bean. Inside No. 9 ina faida nyingine: katika vipindi vyake 55, kila kimoja ni hadithi inayojitegemea, kwa hiyo aliyekosa wiki iliyopita hapotei.

The Office ya Uingereza iweke jioni ya tatu au ya nne. Ina vipindi 12 vya mwaka 2001 na 2002 na viwili vya Krismasi ya 2003, imepigwa kama filamu ya taarifa, haina kicheko cha studio, na utamu wake uko kwenye sekunde za aibu baada ya bosi kusema upuuzi. Asiyeambiwa anaweza kudhani anaangalia ofisi ya kweli. Nchi kadhaa ziliona ni rahisi kuitengeneza upya kuliko kuileta ilivyo: Wajerumani walitoa Stromberg mwaka 2004, na Wamarekani walianza yao mwaka 2005 wakafika vipindi 201, baada ya kumlainisha bosi wao kuanzia msimu wa pili. Hapa kwetu tatizo lake ni la heshima. Bosi ni mkubwa, na mkubwa anapoaibika mbele ya vijana wengi huinamisha macho badala ya kucheka. Waambie mapema kwamba bosi ndiye anayetaniwa, na wafanyakazi wake ndio watani.

The League of Gentlemen, mfululizo mwingine wa Uingereza, ikague yote kabla ya kuipeleka popote. Mwaka 2020 Netflix iliiondoa kwa sababu ya mhusika mmoja aliyepakwa uso rangi nyeusi. Ukimtoa huyo gizani mbele ya ukumbi wa Kinondoni bila neno lolote, jioni imekwisha hapo, na watu watakuwa na haki ya kukasirika.

Kutafsiri

Dar ina ustadi wake wa kutafsiri filamu kwa sauti, ule uliokuzwa na kina Lufufu kwenye mabanda ya video. Ni sanaa kamili, na kwa filamu ya mapigano hakuna kinachoishinda. Kwa vichekesho hivi inaharibu, kwa kuwa mfasiri wa sauti hujaza kila ukimya, na ukimya ndio mzaha wenyewe. Tumia manukuu, yaani maandishi ya chini ya skrini. Programu ya Subtitle Edit ni ya bure na inatosha.

Vipimo: herufi zisizozidi 42 kwa mstari, mistari miwili, na kadi, yaani maandishi yanayotokea kwa mara moja, isikae zaidi ya sekunde 7. Kwa Kiingereza huhesabiwa herufi 17 kwa sekunde, ila kwa Kiswahili ukumbini shuka hadi 14. Neno moja kama “hatukumwandikishia” lina herufi 18 na jicho haliwezi kuruka sehemu yake, maana kila kiambishi kina kazi. Kwa kasi hiyo, sentensi ya herufi 56 inahitaji sekunde 4. Ikiwa mwigizaji ameisema kwa sekunde 2, fupisha tafsiri, usiharakishe kadi. Usiache “ya”, “na” au “kwa” mwishoni mwa mstari wa juu. Ishushe ikae na nomino yake. Na ukate kadi kabla ya neno la mzaha, ili neno hilo litokee mwigizaji anapolitamka. Likitokea mapema, ukumbi utacheka kabla yake, na jibu la mwenzake halitasikika.

Sasa ngeli, ambako wafasiri wengi huanguka bila kujua. Kiingereza kina neno moja dogo, “it”, linalosimama badala ya karibu kila kisicho mtu, na waandishi wa vichekesho hivi hulitumia kuficha. Chukua sanduku kubwa lililowekwa sebuleni, na mtu anasema, kwa neno hilo dogo, kwamba kuna kinachoanza kunuka. Ukiandika “ameanza kunuka”, umeshatangaza kwamba ndani kuna kiumbe, dakika 20 kabla ya wakati wake. Ukiandika “limeanza kunuka”, umelilaumu sanduku na kumpoteza mtazamaji. Andika “kumeanza kunuka humu”: ngeli ya mahali inaficha yote, na ni Kiswahili cha kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, soma mwisho wa kipindi, orodhesha kila kinachofichwa, ukiamulie ngeli. Kuna pia pale lugha yetu inapoficha zaidi: “yeye” haisemi kama ni mwanamke au mwanamume. Mzaha ukitegemea hilo, weka “yule mama” au “yule kaka”, bila kungoja.

Neno la kuomba radhi, “sorry”, nalo ni mtego, maana Kiingereza hutumia lilelile kwa kosa na kwa huzuni. Mwuaji anayeruka mwili sakafuni akaomba radhi kwa upole anasema “samahani, naomba nipite”. Ukimpa “pole”, amekuwa mfiwa, na ubaridi wake, ambao ndio uliochekesha, umeyeyuka.

Adabu hiyo baridi ndiyo roho ya vichekesho hivi, na kwa bahati nzuri Kiswahili kimejaa adabu. Kifo peke yake kina ngazi nzima: kutangulia mbele za haki, kuaga dunia, kufariki, kufa, kukata kamba, kudedi. Mzaha unapatikana kwa kupanda ngazi moja zaidi ya inavyostahili. Panya akinaswa kwenye mtego na mhusika akazungumza kwa heshima kubwa, andika “ametangulia mbele za haki”. Dharau ya Kiingereza inayosemwa kwa upole igeuze iwe “mheshimiwa” au “mzee wangu” mahali pasipostahili. Hakuna Mzaramo wala Mpemba asiyejua sumu ya “mheshimiwa” iliyotamkwa taratibu.

Matusi punguza. Mwingereza anayatumia kama alama ya nukta, mara tano kwenye pumzi moja. Tusi la Kiswahili likiandikwa kwa herufi kubwa kama ukuta lina uzito mwingine kabisa, hasa linalogusa mama. Acha moja kati ya matano, pale hasira inapokuwa ya kweli, na “mshenzi” au “mpumbavu” yatatosha.

Lafudhi usiitafsiri kwa kabila. Mhudumu Mhispania wa kipindi cha Fawlty Towers aligeuzwa Mwitaliano ilipoonyeshwa Hispania, ili wenyeji wasijione wao ndio wanaochekwa. Ukimfanya awe Mmakonde au Msukuma, umeleta utani ambao ukumbi wote hauna ruhusa nao. Tofautisha watu kwa Kiswahili cha ofisini na cha mtaani, inatosha.

Hitilafu mbili za kiufundi. Manukuu yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo na mwisho, yasogeze yote kwa pamoja. Yakianza sawa halafu yakazidi kupishana, huenda faili yako ina picha 25 kwa sekunde, za kawaida Uingereza, na manukuu yalitengenezwa kwa 23.976; katika dakika 30 tofauti inapita dakika moja. Badilisha kasi ya picha ndani ya programu, usihangaike kadi kwa kadi. Na hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo alama ya “ng’” katika ng’ombe inaweza kugeuka takataka.

Jaribu kabla ya siku

Waite watu watano, angalau wawili wasiojua Kiingereza. Weka simu ikirekodi sauti karibu na spika, ili kicheko na mazungumzo viingie pamoja. Kisha sikiliza. Kicheko kikitangulia sauti ya mwigizaji, kadi imewahi. Kikichelewa sekunde mbili, maandishi ni marefu. Wakicheka wanaojua Kiingereza peke yao, tafsiri imekufa mahali hapo na iandikwe upya. Pasipo na kicheko kabisa, waulize swali moja: nani alikuwa anataniwa? Wakitofautiana, rekebisha utangulizi wako, si manukuu.

Usidharau swali hilo. Alf Garnett, mzee mbaguzi wa kipindi cha Till Death Us Do Part kilichoanza miaka ya 1960, aliandikwa ili achekwe, na bado Waingereza wengi walimshangilia kana kwamba anawasemea. Kama wenyewe walikosea nyumbani kwao, mgeni anahitaji kusaidiwa.

Ukumbi na watu

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iko chini ya Bodi ya Filamu, kwa hiyo omba kibali na daraja la umri kabla ya kubandika tangazo. Haki ya kuonyesha hadharani inatoka kwa mwenye kazi. Diski uliyonunua au malipo yako ya mwezi ni kwa nyumbani tu.

Anza saa 2 usiku, baada ya swala ya Isha, na maliza kabla ya saa 4 ili watu wawahi daladala. Spika mbili ziwekwe mbele, kwa sababu Waingereza hawa husema maneno makali kwa kunong’ona na feni zinayameza. Zima feni zilizo karibu na skrini. Projekta iwe na betri ya akiba: umeme ukikatika katikati ya mkasa wa dakika 29, huwezi kuurudisha moyo wa ukumbi pale ulipokuwa.

Alika rika moja. Kijana hawezi kucheka mzaha wa chumbani akiwa amekaa karibu na mkwewe, na mkwe naye hawezi. Mzaha uleule, ukumbi uleule, rika likichanganywa unakufa.

Funga mfululizo na kipindi cha mwisho cha Blackadder Goes Forth, kilichorushwa Novemba 1989. Ni mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maofisa wajinga na askari wanaojua kwamba watakufa. Katika utangulizi waambie kwamba ni vita ileile iliyoipa Kariakoo jina lake, kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza ambamo makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, na ileile ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927. Waambie pia kwamba ua jekundu la popi kwa Waingereza ni kumbukumbu ya waliokufa vitani, kwani picha ya mwisho haina neno hata moja, na asiyejua ua hilo ataona bustani tu. Picha hiyo ikitokea, usiwashe taa. Hesabu hadi ishirini, acha feni zisikike, na umsubiri wa kwanza atakayeongea.