Safari ya boti ya siku moja kwenye ziwa la jangwani: anza kupanga kurudi

Mabaharia husema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa maji yanapokusanyika. Watu wengi wakipanga siku ya boti huanza na mahali wanapotaka kufika. Mimi huanza na saa ya kugeuza, kisha kila kitu kingine nakipima kwa saa hiyo. Kwenye ziwa lililozungukwa na jangwa, injini ikigoma unaweza kukaa mchana kutwa bila kuona boti nyingine wala mti wa kujisetiri na jua.

Hatua ya 1: Ujue upepo wa ziwa hilo, si wa ziwa jingine

Mazoea ya ziwa moja yanaweza kukuzamisha kwenye jingine. Kwenye maziwa ya Powell na Mead, kusini-magharibi mwa Marekani, kwa kawaida asubuhi huwa shwari, kisha upepo huinuka mchana ardhi ikishashika moto. Huko naondoka alfajiri na kutaka niwe nimefunga kamba gatini saa 8 mchana. Turkana, ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, ni kinyume chake: upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, halafu hulegea kadiri mchana unavyosonga. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini cha Turkana, na hawakuonekana tena.

Kwa hiyo tazama utabiri, lakini pia uliza wavuvi au manahodha wa hapohapo swali moja: upepo huinuka saa ngapi, na hutoka wapi? Ukijibiwa, tazama ramani. Upepo unaopita ziwa kwa urefu wake hupata nafasi ndefu ya kujenga mawimbi, na Turkana ina urefu wa karibu kilomita 250. Mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe kabla hujaondoka, na boti yako ni ndogo, siku hiyo imekwisha. Sijawahi kujutia safari niliyoiahirisha.

Hatua ya 2: Gawa mafuta mafungu matatu

Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Tuseme tangi lako ni la lita 120, na injini inakula lita 40 kwa saa ukienda kilomita 30 kwa saa. Theluthi ni lita 40, yaani saa moja. Basi mwisho wako ni kilomita 30, pamoja na kila kona ya kuchungulia njiani. Usipime kwa mstari ulionyooka kama ndege arukavyo: Powell ni korongo lililojaa maji, lina mikono mingi iliyopindapinda, na kuingia mkono mmoja na kutoka kunaweza kula saa nzima.

Akiba si ya kuongezea matembezi. Ukirudi na upepo usoni na watu wamekaa upande mmoja, injini hula zaidi kuliko ilivyokula asubuhi.

Hatua ya 3: Uliza kina cha maji cha wiki hii

Hili ndilo watu hulipuuza zaidi. Maziwa ya mabwawa hupanda na kushuka. Julai 2022 Mead ilishuka hadi kiwango cha chini kuliko wakati wowote tangu ilipojazwa miaka ya 1930. Maji yakishuka hivyo, kilele cha kilima kilichokuwa kimezama salama kinakuwa mwamba sentimita chache chini ya uso wa maji, na mteremko wa kushushia boti unaishia kwenye tope. Ramani ya zamani haitakuambia. Ulizia mteremko upi uko wazi, na ukifika maji usiyoyajua, punguza mwendo na umweke mtu omo akiangalia rangi: buluu iliyoiva ni kina, kijani kilichopauka au hudhurungi ni onyo.

Hatua ya 4: Pakia kama utalala huko

Maji ya kunywa, lita 4 kwa kila mtu kwa uchache, hata kama unaelea juu ya maji. Ya Turkana yana magadi. Turubai la kivuli, kofia, mikono mirefu, tochi, nanga mbili, kamba ndefu, na redio au simu ya setilaiti, kwa sababu kuta za korongo hukata mtandao.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea, asilikalie. Powell mwezi Machi unaweza kuota jua huku maji yakiwa chini ya nyuzi 15. Anayetumbukia ghafla kwenye maji hayo huvuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikimkuta chini, anavuta maji.

Hatua ya 5: Acha karatasi kwa mtu wa nchi kavu

Andika majina, rangi ya boti, njia, saa ya kurudi na saa ya kuita msaada. Isiwe “jioni”. Iwe saa 11.

Hatua ya 6: Mkiwa majini

Kabla ya kuwasha injini iliyofungwa ndani ya boti, washa feni yake dakika chache itoe mvuke wa petroli. Mtu asining'inie tezi injini ikinguruma; moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mkitaka kula, tieni nanga upande wa demani, uliokingwa na upepo. Niliwahi kufunga boti mahali pazuri palipoelekea upepo, kamba moja tu. Tulipokuwa tunamenya machungwa upepo ukainuka, na tulisikia tumbo la boti likigonga jiwe, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Tangu siku hiyo nafunga nanga ya pili kabla ya kufungua chakula.

Na wingu jeusi likionekana, hata liwe mbali, toka kwenye korongo jembamba. Mafuriko hushuka kutoka mvua ambayo hukuiona ikinyesha.

Saa ya kugeuza ikifika, geuza. Ukitoka majini, ng'oa vizibo, komba maji ya ngama yote, kausha boti. Kome wa kigeni waliogunduliwa Mead mwaka 2007 husafiri kwenye maji hayo hadi ziwa jingine. Kisha mpigie simu mwenye karatasi.