Jinsi ya Kushona Nguo ya Ndimu Mpaka Mtu Asionekane

Ukiletewa kazi ya kushona nguo ya ndimu, yule mcheza kinyago wa Kimakonde, kwanza weka futi pembeni. Hakuna mtu utakayempima. Wakulungwa, yaani wazee wenye ngoma, watamtuma kijana na mfuko wa plastiki, ndani yake shati kuukuu na suruali kuukuu, na atakwambia, "Fundi, fuata hizi, ila ziwe pana." Pima shati, pima suruali, rudisha mfukoni. Usiulize za nani. Hata kama kiraka cha begani ni chako mwenyewe ulichokishona mwaka juzi, nyamaza.

Nashona nguo hizi hapa Newala kwa miaka ishirini na ushee, kwa cherehani ya miguu niliyorithi kwa mjomba wangu. Kwa wasomaji wa mbali: ndimu, wakiwa wengi midimu, ni yule anayetoka na kinyago usoni kwenye ngoma zetu za Kimakonde, hasa wali, yaani vijana waliofundwa, wanapotoka jandoni na unyagoni. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, kule Mueda, Msumbiji, humwita lipiko, na wengi ni mapiko. Kwa mila, anayecheza pale ni marehemu aliyerudi kufurahi na watu wake. Mvulana akipita jandoni huonyeshwa kilichomo ndani. Wanawake na wasiopita jando hawaambiwi. Mimi naandika yale ambayo kila aliyewahi kusimama uwanjani ameyaona kwa macho yake, na yaliyobaki yana wenyewe.

Watu husifu kinyago, na wana haki. Nywele za kweli zilizopandikizwa, nembo za usoni zilizochorwa kwa nta, ndonya kwenye mdomo wa juu. Vinyago hivyo vimefika makumbusho ya Ulaya na watu hulipa kwenda kuvitazama. Lakini vingi vilikwenda vitupu, bila nguo, na jambo hilo huniuma. Kinyago huficha shibiri moja ya mwili. Shingo, mikono, kiuno, miguu, vyote hivyo vimo mikononi mwa fundi cherehani.

Kitambaa kiwe cha pamba. Tetroni inang'aa vizuri juani lakini humkaba anayecheza, jasho halina pa kutokea, na ngoma yenyewe ni ya kutetemesha mwili mzima. Mtu mzima anakula mita 5 za jora la kawaida kwa shati na suruali, ongeza mita moja na nusu ya shingo, na usibane. Ukiletewa vitambaa vya nyumbani, vikague. Kanga ambayo mama fulani aliivaa kwenye msiba wa mwezi uliopita haifai. Wanawake wa kwetu wanakumbuka nguo kuliko nyuso. Akiliona lile ua jekundu kwenye goti la ndimu, atajua limetoka kabati la nani, na kuanzia hapo ngoma imekufa. Mimi huchovya vitambaa vyote kwenye rangi moja ya kahawia kabla ya kukata, halafu huvianika nyuma ya nyumba, mbali na njia.

Kwenye kukata, sehemu ya kuangalia sana ni kwapa. Nitasema kwa nini. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilishona kwapa kama la shati la ofisini, mshono mmoja, bila kiraka. Ngoma ilikuwa kijiji kimoja njia ya Kitangari. Ngoma ya ntojo ikalia, ndimu akanyanyua mikono yote miwili, mshono ukaachia. Palionekana ngozi, upana wa sarafu tu. Mtoto wa kike, labda wa miaka sita, akanyoosha kidole akasema, "Mtu!" Ngoma zikakatika zote kwa pamoja. Wapigaji wakamzunguka ndimu, wakamfunika kwa kaniki, wakaondoka naye kuelekea vichakani. Niliitwa jioni ile. Hawakunigombeza. Mzee mmoja aliniambia, "Fundi, leo umemfukuza babu." Nilitoa kuku na unga, lakini maneno yale ndiyo niliyoondoka nayo.

Tangu siku hiyo kwapani naweka kipande cha pembe nne, upana wa kiganja, kilichokatwa kimshazari ili kivutike. Mshono unakunjwa na kupigwa mara mbili, kisha narudi kwa mkono na uzi wa kushonea magunia ya korosho. Ukimaliza, valia mwenyewe, nyanyua mikono, chuchumaa, ruka. Kikichanika, kichanike dukani.

Shingo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kinyago cha uso, kama vilivyo vingi vya huku kwetu, kina matundu pembezoni, na kitambaa cha shingo hufungwa humo kwa uzi wa katani. Usikaze mpaka mwisho, maana kichwa kinageuka huku na huku na mbao nyembamba hupasuka. Kile cha kuvaa kichwa kizima kama kofia, wanachokipenda wa Mueda, kina hesabu nyingine. Anayekivaa huona kupitia mdomo wa kinyago, kwa hiyo hukaa kimeinuka na uso wake unatazama juu. Koo linanyooka. Ukikata kitambaa cha mbele sawa na cha nyuma, cha mbele kitachomoka kifuani. Ongeza shibiri moja mbele, na ncha zote ziingie ndani ya shati, zifungwe kwa kamba mgongoni.

Mikono na miguu isikutaabishe. Soksi za mitumba nene, glavu, au mikono ya shati iliyoshonwa mwishoni ikawa mfuko. Usiache vidole vya miguu wazi tu, kwa sababu watu wa kijiji kimoja wanajuana kwa nyayo. Kiunoni usitumie lastiki. Njuga ni nzito, zinavuta suruali chini. Tumia kamba iliyopita ndani ya pindo, ifungwe fundo.

Kuna kazi ya njorowe pia, lile tumbo la mti lenye matiti na kitovu, ambalo mwanamume huvaa akacheza kama mama mjamzito. Hapo shati likatwe wazi mbele, tumbo likae nje, na kingo zake zifunikwe kwa pindo pana ili mpaka wa mti na nguo usionekane. Ishone kwa adabu. Watazamaji watacheka, na ni ruhusa yao, lakini anayeonyeshwa pale ni mama mzazi.

Mwalimu mmoja kijana aliyepanga jirani na duka langu alinionyesha kwenye simu ngoma za Wayoruba wa Nigeria na Benin. Nilidhani ningeona vinyago vya mti. Nikaona nguo. Egungun wao, ambaye naye ni mhenga aliyerudi, wengi wao hawana mti usoni kabisa. Ni mapande ya vitambaa juu ya vitambaa, kuanzia kichwani hadi chini, na mbele ya macho wavu wa kuonea. Nguo ile wanaiita eku. Familia huongeza kitambaa kipya kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo nguo huzeeka na kunenepa kama ukoo. Anapozunguka kwa kasi mapande hunyanyuka, na upepo unaowapiga watazamaji ni baraka. Nilimwomba mwalimu arudie pale mara nne. Kingo za yale mapande zimekatwa meno meno kama msumeno, nyingi kwa kitambaa chekundu, na kila jino limepindwa. Nikawaza mikono ya huyo fundi.

Akanionyesha na Gelede, ngoma yao ya kuwaenzi akina mama, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Wanaume huvaa kama wanawake, na vilemba na mbeleko huazimwa kwa wanawake wenyewe. Hapo nikaikumbuka njorowe yetu.

Kwao nimechukua kitu kimoja, na kwanza niliomba ruhusa kwa wakulungwa. Kwenye mishono ya ubavuni na ya suruali napachika vipande vyembamba vya kitambaa, urefu wa kidole, vimening'inia. Ndimu akitetemeka, vinatetemeka navyo, na jicho halioni mshono ulipo. Wazee walitazama, wakanyamaza kidogo, wakasema, "Hivyo sawa." Vile vitambaa vya tabaka juu ya tabaka walivikataa. Wetu, walisema, lazima kiuno chake kionekane kikifanya kazi.

Ukimaliza, kunja nguo ndani nje, weka kwenye kiroba, funga. Usiining'inize dukani hata saa moja, na usiipige picha. Atakuja yuleyule kijana au mwingine, usiku, akupe chako aondoke. Bei panga na wakulungwa mapema.

Siku ya ngoma nenda ukasimame nyuma, karibu na wapigaji. Mimi huwa natazama kwapa tu. Baada ya siku mbili tatu kiroba kitarudi kwa matengenezo, nguo imejaa vumbi jekundu la uwanjani na chumvi ya jasho mgongoni. Ioshe mwenyewe, usimpe binti wa nyumbani. Ipindue, pitisha kidole kwenye kila mshono, na palipolegea piga upya kabla hawajaja kuichukua.