Siku ya kwanza ya mtambo, chemsha maji bila majani

Ukishaufikisha nyumbani mtambo wa kukeneka mafuta ya majani, yaani wa kuyachemsha na kuupoza mvuke uwe matone, mkono unawasha kutia mchaichai. Usitie. Siku ya kwanza ni ya maji na kikombe cha siki tu, yapite njia nzima, yatoke, yamwagwe. Mimi hukeneka mchaichai na majani ya mkarafuu uani kwangu, hapa Unguja, kwa ajili ya sabuni, na kila anayekuja kuniuliza bei ya mtambo humwambia hilo kabla ya bei.

Kabla ya kuwasha moto, mwambie sheha na majirani. Sufuria imefunikwa, bomba la shaba limejikunja ndani ya ndoo ya maji ya kulipoza: mpita njia haoni mchaichai hapo, anaona gongo. Na gongo lenyewe usithubutu. Ni kosa la jinai, na mvuke wa pombe ukivuja karibu na moto unawaka.

Kagua viungo. Muulize fundi amelehemu kwa kitu gani. Kama ni risasi ile ya mafundi redio, mrudishie mtambo wake, maana risasi ni sumu. Kazi ifanyike uani penye upepo, si ndani, kwa sababu hewa ya mkaa huua na wala haina harufu. Ukitumia gesi, mtungi ukae mbali na jiko.

Ninachokikagua kuliko vyote ni njia ya mvuke. Mtambo huu si presha kuka. Hauna kizibo cha usalama wala haukuundwa kushika presha. Weka mdomo kwenye bomba, puliza. Pumzi itoke upande wa pili bila kupingwa. Kisha tia maji kama theluthi ya sufuria, na kile kikombe cha siki, funika, na uzibe ukingo kwa unga wa ngano uliokandwa na maji. Usikaze mfuniko kwa waya, usiweke jiwe juu. Bomba likiziba, unga ndio uachie, si mfuniko ukurukie usoni.

Sasa moto mdogo, na macho kwenye ncha ya bomba. Unataka matone yanayofuatana, au uzi mwembamba wa maji yaliyopoa. Ukiona mvuke unapumua pale, ama moto ni mkali ama maji ya ndoo yamepata joto. Maji baridi yaingie kwa chini ya ndoo, ya moto yamwagike kwa juu. Na ncha ya bomba isizame kwenye maji ya chupa inayoyapokea: moto ukizimwa, sufuria ikipoa hufyonza, na itayavuta yote yarudi ndani.

Pima maji unayotia na pima yanayotoka. Ukitia lita 6 na zimeshatoka 4, zima. Sufuria ikikauka huungua, na harufu ya kuungua huingia mtamboni ikakusumbua siku nyingi. Pale Wawi, Pemba, kiwanda cha kukeneka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kina mafundi wa kuangalia mitambo. Wewe una macho yako mawili. Adhana ikiita, zima kwanza, ndiyo uende.

Maji ya mwanzo yakishapita bila kuvuja popote, mara ya pili tia mchaichai. Uanike kivulini unyauke kidogo, ukate, uupange juu ya wavu bila kushindilia, na uache nafasi chini ya mfuniko, majani yasije yakaziba mdomo wa bomba. Usitarajie ndoo ya mafuta. Kilo 10 za majani mabichi zikikupa mililita 20 hadi 40, umefanya vizuri. Yapokee kwenye chupa ya kioo, mbali na moto kwani nayo huwaka, na mbali na watoto. Yakiwa matupu hivyo huunguza ngozi, na hayanywewi.

Mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji yanayotoka nayo, yaengue juu. Ya mkarafuu huzama, kwa hiyo usiyamwage ya chini ukidhani ni maji. Nayo sufuria iache ipoe kabisa kabla hujabandua unga, kisha inua mfuniko kwa upande ulio mbali na uso wako.