Kitabu cha konsatina: anza na mchoro wa vitufe

Ukienda kununua kitabu cha kujifunzia konsatina ya Kiingereza, ala ndogo ya mvukuto yenye vitufe pande zote mbili, usiridhike na neno "konsatina" kwenye jalada. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya Anglo, aina nyingine ya konsatina, ambayo kitufe kimoja hutoa sauti moja ukibana mvukuto na nyingine ukivuta. Ya Kiingereza, aliyoibuni Charles Wheatstone huko London karne ya 19, hutoa sauti ileile ukibana au ukivuta. Basi fungua mchoro wa vitufe: ukikuta kila kitufe kimeandikiwa nota mbili, kirudishe rafuni.

Halafu hakikisha kinafundisha nota za mistari mitano. Namba tupu za vitufe zitakunyima uzuri wenyewe wa ala hii, maana nota za kwenye mistari ziko mkono wa kushoto, za kwenye nafasi kati ya mistari ziko kulia. Do ya kati kushoto, re kulia, mi kushoto. Ukishaliona hilo, kusoma nota hakutishi tena!

Mazoezi ya mwanzo yakae kwenye safu mbili za katikati. Za pembeni ni za sharpu na flati, yaani nota zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua. Na kama konsatina yako ina vitufe 30, pitia nyimbo uone hazidai 48.