Uvungu wa MX-5: kuuosha, kuukausha na kuukinga na kutu

Nikiombwa nitazame Mazda MX-5 inayouzwa, lile gari dogo la michezo la viti viwili, rangi na injini nazitazama baadaye. Kwanza nalala chini na tochi, nagonga bati lililo mbele tu ya tairi la nyuma kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kavu. Lililoliwa hutoa mlio mzito usio na uhai, na ukisukuma kwa kidole gumba linabonyea. Hapo ndipo kizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, kinapomalizikia, na ndipo gari hizi zinapofia, hasa zile za kizazi cha kwanza zilizotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997.

Chanzo chake mara nyingi kiko juu. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa la turubai huingia kwenye mifereji miwili nyuma ya viti, yakashuka kwa mipira hadi chini ya gari. Majani na vumbi vikiziba mifereji hiyo, maji hayarudi yalikotoka. Yanatafuta njia yake na kuingia ndani ya kizingiti. Kutu inaanza kula kutoka ndani huku nje pakiwa pamepigwa polishi. Kwa hiyo kazi ya uvunguni naianzia huko nyuma ya viti. Pitisha uzi laini wa plastiki, kama ule wa mashine ya kufyekea nyasi, taratibu hadi utokee chini. Usitumie waya, utatoboa mpira. Wala usipulize kwa kompresa, maana mpira unaweza kuchomoka kwenye kiungo chake na usijue. Kisha mimina kikombe cha maji kila upande na uchungulie chini: yanatoka yote, au yanadondoka kwa kusitasita?

Sasa nyanyua gari. Sakafu iwe ngumu na sawa, na matairi yanayobaki chini yawekewe kabari. Jeki inakaa katikati ya mhimili wa mbele, au, kwa upande wa nyuma, chini ya difu, lile boksi la gia lililo kati ya matairi ya nyuma, na kipande cha mbao kati yake. Stendi zinakaa kwenye sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa kizingiti. Kati ya giaboksi na difu kuna fremu ndefu ya aluminiamu. Hiyo usiiguse kwa jeki hata kidogo, haikuundwa kubeba gari. Gari likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kabla hujaingia. Afadhali litikisike ukiwa nje. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Toa matairi yote manne na zile kava za plastiki za ndani ya madigadi. Utashangaa udongo uliojificha humo. Udongo ukibaki na unyevu kwenye kona ya bati, hapo kutu imeandaliwa meza.

Kuosha kwenyewe si kwa mabavu. Ekzosi iwe imepoa. Lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, yanayeyusha chumvi vizuri kuliko ya baridi. Na kama gari limepita barabara zilizomwagwa chumvi au limekaa karibu na bahari, suuza zaidi ya unavyodhani inatosha. Pulizia sabuni ya kuondoa grisi, iache ifanye kazi bila kukauka, halafu sugua kwa brashi ya nywele ngumu. Kwenye vipande vya aluminiamu tumia sabuni isiyo kali, kwa sababu sabuni za alkali hupiga aluminiamu madoa ya kijivu yasiyotoka. Mashine ya presha inafaa kwa mabati mapana. Iweke mbali na bushi (zile raba za viungo vya mikono ya tairi), na kava za raba za boljointi na za shafti, na plagi za umeme, na sensa ya oksijeni. Maji yakishasukumwa nyuma ya kava ya raba hayatoki. Yanaosha grisi, na boljointi inaanza kulia.

Kukausha ndiko watu wanakokimbia, na ndiko kazi nzima inakoharibikia. Ukipaka kinga juu ya unyevu umeufungia unyevu ndani. Puliza maji kwenye mikunjo na viungo vya bati kwa kompresa, kisha acha feni ipulize usiku kucha. Pita pia kwenye matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti na milango, uyazibue kwa kijiti.

Bati likishakauka, lala chini tena, safari hii na taa ya LED. Usitumie taa ya balbu ya moto karibu na tangi na mabomba ya petroli. Vaa miwani, maana kila unachokwangua kinakuangukia usoni, na barakoa ya vumbi pia. Kinga ya kiwandani ikiwa bado imeng'ang'ania, iache. Ikiwa imevimba au inatoka kwa kucha, ikate mpaka ufike kwenye bati zima. Kutu ya juujuu iondoe kwa brashi ya waya na msasa, kisha paka dawa ya kugeuza kutu. Zile za asidi ya fosfori hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Zile za tanini huiacha nyeusi. Zote zinahitaji kutu ili zifanye kazi, kwa hiyo usizipake kwenye bati jeupe safi ukidhani unaongeza kinga. Baada ya hapo praima ya epoksi, kisha rangi. Tundu likionekana, hiyo si kazi ya brashi tena, ni ya fundi wa kuchomelea. Kwenye kizazi cha pili, cha 1998 hadi 2005, angalia pia mihimili miwili ya chesisi iliyoko mbele: ina bati mbili zilizolaliana, na kutu hukaa katikati yake.

Kuhusu kinga, mimi nina msimamo. Ile lami nyeusi nene siitaki. Ikizeeka inakuwa ngumu, inapasuka, maji yanapenya chini yake na kukaa, na wewe huoni kitu mpaka bati limeshakwisha. Wauzaji wengine wanaipenda kwa sababu hiyohiyo: funika kombe mwanaharamu apite. Nikiona uvungu wa gari la zamani umepakwa weusi mpya wiki ya mauzo, najua kuna kitu chini yake.

Napaka nta inayopitisha mwanga, au lanolini, yale mafuta ya sufu ya kondoo. Inabidi irudiwe kila mwaka, na mimi naona hiyo ni faida: inakulazimisha urudi chini na tochi. Kopo lipashe kwenye maji ya uvuguvugu ili nta iwe nyepesi, lakini lisizidi nyuzi 50. Funika kwa mifuko na utepe diski za breki, kalipa na ekzosi yote. Mipira ya breki nayo usiipulizie. Mafuta yatokanayo na petroli yaliyomo kwenye nta nyingi huvimbisha raba ya aina hiyo. Paka tabaka jembamba mara mbili badala ya moja nene.

Ndani ya vizingiti tumia mrija mrefu wenye kichwa kinachopuliza pande zote. Uingize hadi mwisho, bonyeza, kisha uvute polepole huku ukihesabu. Utajua imefika pale nta itakapoanza kuchuruzika kwenye matundu ya chini. Iache ichuruzike juu ya kadibodi, na ikikoma pitisha kijiti tena kwenye kila tundu. Kizingiti kilichojaa nta na kuzibwa matundu ni kibaya kuliko kisichopakwa kabisa.

Jambo moja wengi hulipita: bolti za kurekebishia pembe za matairi. Zinagandamana na bushi zake kiasi kwamba siku ya alaimenti fundi analeta msumeno. Ukiwa chini, weka alama ya mahali zilipo kwa kalamu ya rangi, zilegeze moja moja, zipake grisi ya shaba na uzirudishe kwenye alama. Ikigoma, usiilazimishe, inyunyizie mafuta ya kupenya na uirudie siku nyingine. Bado utapima alaimenti, lakini angalau gari litafika huko likiwa linanyooka.

Acha nta ikauke siku nzima. Rudisha matairi, teremsha gari, kisha kaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukazia, kati ya niutonimita 88 na 118 kwa vizazi hivyo viwili vya kwanza. Safari ya kwanza itanuka nta kwenye ekzosi kwa muda mfupi. Ikitoa moshi usiokoma, simama, kuna mahali hukufunika vizuri. Jaribu breki polepole kabla ya kuingia barabarani, na kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi.